Njia Fupi na Njia ya Haraka: Somo la Ramani na Baiskeli Katika Vilima vya Butimba

Mwendesha baiskeli anayepeleka dagaa sokoni kutoka mwaloni, katika viunga vya Mwanza, hafuati mstari ulionyooka. Huzunguka kilima cha mawe, hukwepa bonde lenye tope, na wakati wa mvua huiacha kabisa njia aliyoitumia kiangazi. Akiulizwa sababu, atajibu kwa maneno machache kwamba njia anayoifuata ni ndefu lakini inafika mapema. Jibu hilo ni kiini cha mchezo mmoja wa kimataifa. Ni kiini pia cha somo la kusoma ramani, ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau mara baada ya mtihani huo.

Makala haya yanaeleza mchezo huo, kisha yanaonyesha jinsi sayansi iliyomo ndani yake inavyoweza kufundishwa katika mazingira ya Butimba, kusini mwa kitovu cha jiji la Mwanza. Butimba pana chuo cha ualimu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa na michezo. Pana pia vilima vya mawe, mabonde, ufuko wa ziwa na baiskeli nyingi. Vifaa vya somo, basi, vipo tayari.

MCHEZO WENYEWE

Katika mbio za kawaida za baiskeli barabara hujulikana, na mshindani huonyeshwa pa kupita. Ndivyo ilivyokuwa mjini Kigali: mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali mwaka 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, kila mpanda baiskeli aliijua njia kabla ya kuanza.

Katika mbio za ramani mambo ni kinyume. Mshindani hupewa ramani muda mfupi tu kabla ya kuondoka. Ramani hiyo inaonyesha vituo kadhaa vyenye namba, ambavyo hana budi kuvifikia vyote kwa utaratibu uliopangwa. Njia ya kutoka kituo kimoja hadi kingine huichagua mwenyewe.

Mbio za ramani kwa miguu zilianza katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Shindano la hadhara lilifanyika Norwei mwaka 1897, na mwaka 1919 Ernst Killander, ofisa wa jeshi na kiongozi wa maskauti nchini Uswidi, aliandaa shindano kubwa karibu na Stockholm lililoueneza mchezo huo miongoni mwa vijana. Shirikisho la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1961, na mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio za miguu yakafanyika Finlandi mwaka 1966. Baiskeli za milimani zilikuja baadaye sana. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio za ramani kwa baiskeli yalifanyika mwaka 2002 katika eneo la Fontainebleau, kusini ya Paris, nchini Ufaransa. Yaliyofuata yalifanyika Australia mwaka 2004. Hadi mwaka 2025 mashindano hayo ya dunia yalikuwa hayajafanyika katika nchi yoyote ya Afrika Mashariki.

Kanuni zake ni chache na zina maana. Mshindani huvaa kofia ngumu. Hawezi kuiacha baiskeli yake: pasipopandika ataisukuma au kuibeba begani. Haruhusiwi kuongozwa na chombo cha setilaiti kinachoonyesha ramani. Ramani yake ya karatasi hufungwa juu ya kibao kilichowekwa kwenye usukani, nacho kibao huzungushwa ili upande wa mbele wa ramani uelekee kule anakokwenda. Mbio fupi humalizika kwa dakika ishirini na ushei. Mbio ndefu za wanaume huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Katika muda huo mtu mwenye miguu yenye nguvu zaidi aweza kushindwa na mwenzake aliyechagua njia vizuri zaidi.

RAMANI NA KIPIMO CHAKE

Wanafunzi wa Tanzania wamezoea ramani za kipimo cha 1:50,000, ambamo sentimita moja ni sawa na mita 500 za ardhi. Ramani hizo zafaa kwa mambo mengi, lakini hazimtoshi mpanda baiskeli. Jiwe lenye upana wa mita 20 lingechukua milimita 0.4 tu juu ya karatasi. Vilevile, ikiwa tofauti kati ya kontua moja na nyingine ni mita 20, kilima cha mawe chenye kimo cha mita 15 chaweza kukaa kati ya kontua mbili bila kuonekana kabisa.

Kwa sababu hiyo ramani za mchezo huu huchorwa kwa vipimo vikubwa zaidi, kama vile 1:10,000 au 1:15,000, na kontua zake kwa kawaida hutofautiana kwa mita 5. Kwa kipimo cha 1:15,000 sentimita moja ni mita 150. Mpanda baiskeli anayekwenda mita 5 kwa sekunde huimaliza sentimita hiyo kwa sekunde 30. Kwake, basi, ramani ni picha ya mahali na pia ni saa.

Jambo la pekee katika ramani hizi ni jinsi njia zinavyochorwa. Ramani ya kawaida hutenganisha barabara kuu, barabara ndogo na njia ya miguu. Ramani ya mchezo huu huzigawa njia katika makundi manne kwa kufuata mwendo wa baiskeli:

Kundi la 1: njia ambayo baiskeli huenda kwa asilimia 75 hadi 100 ya mwendo wake wa njia nzuri.
Kundi la 2: asilimia 50 hadi 75.
Kundi la 3: asilimia 25 hadi 50.
Kundi la 4: chini ya asilimia 25, yaani mahali pa kusukuma au kubeba.

Njia ya haraka huchorwa kwa mstari mfululizo, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo mstari unavyokatika zaidi.

Pana tahadhari moja kuhusu ufuko. Ufuko wa ziwa ni kontua ya asili, kwa kuwa maji yaliyotulia yana kimo kimoja, ambacho kwa Ziwa Victoria ni takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Lakini kontua hiyo huhama. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalipanda tena na kufunika sehemu nyingi za kando. Mahali ambapo ardhi hushuka mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda mita 2 ufuko huhamia nchi kavu kwa mita 100. Hiyo ni milimita 2 katika ramani ya 1:50,000, lakini ni sentimita nzima katika ramani ya 1:10,000. Jambo la kwanza la kusoma katika ramani yoyote, kwa hiyo, ni mwaka ilipopimwa.

MAWE YA MWANZA NA MFUATANO WA UDONGO

Mawe makubwa ya Mwanza, pamoja na lile maarufu la Bismarck linalosimama majini karibu na bandari, ni ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti hiyo ilipasuka kwa nyufa zilizokatana. Maji yalipenya katika nyufa na kuuozesha mwamba kutoka pembeni kuelekea ndani, hata ukabaki mioyo migumu ya mviringo. Udongo laini uliozunguka mioyo hiyo ulipochukuliwa na mvua, mawe yalibaki yamepangana juu ya vilima kama yaliyowekwa kwa mkono.

Msitu wa Fontainebleau nao unajulikana kwa mawe makubwa, ingawa yale ni ya mchanga ulioshikamana na siyo ya graniti. Kotekote tatizo la mpanda baiskeli ni moja: mawe yenyewe huzuia gurudumu, na mchanga unaotoka katika mawe hulipunguza mwendo.

Udongo uliochukuliwa kutoka kilimani haukutoweka. Uliteremka na kujipanga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Tanga, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki aina za udongo hufuatana kwa utaratibu ule ule kutoka kileleni hadi bondeni. Mfuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa Kisukuma walikuwa wakiujua mnyororo huo tangu zamani, na kila pete yake ina jina. Chini kidogo ya mawe hupatikana udongo wa kichanga uitwao luseni. Chini zaidi huwa itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Bondeni kabisa huwa mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Mfuatano wa namna hii umechunguzwa sana Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichopata sifa kwa kazi yake juu ya pamba.

Kwa mpanda baiskeli elimu hii ni hazina. Ramani inaonyesha kontua, wala haionyeshi udongo. Lakini mtu anayeufahamu mfuatano huo huusoma udongo ndani ya kontua. Penye kontua zilizobanana kuzunguka kilele atategemea mawe. Zinapoanza kuachana atategemea mchanga. Zinapokuwa mbali sana, karibu na kijito, atategemea mbuga. Tena atajua jinsi kila udongo unavyobadilika kwa mvua. Mchanga ulioloa kiasi huwa mgumu kuliko mkavu, kwa sababu utando mwembamba wa maji huzishikamanisha chembe zake. Udongo wa mbuga ukiloa hunata katika gurudumu na kujaa chini ya bamba la tope, hata baiskeli isiweze kusukumwa.

HESABU YA NJIA TATU

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini sura yake ya ardhi ni ya kawaida katika viunga vya Mwanza. Kituo P na kituo Q viko pande mbili za kilima cha mawe. Mwendo wa njia nzuri uwe mita 300 kwa dakika. Kwa kundi la 2 uwe mita 180, kundi la 3 mita 100, na kundi la 4 mita 60 kwa dakika. Mpanda baiskeli pamoja na baiskeli yake wawe na uzito wa kilo 80, na uwezo wake wa kupanda mlima uwe wati 150.

Kupanda kunahitaji kazi ya ziada, ambayo hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa 9.8 na kwa kimo cha kupanda. Kazi hiyo ikigawanywa kwa wati 150 hutoa sekunde za kuongeza. Faida ya kuteremka imeachwa ili hesabu iwe nyepesi.

Njia A hupita juu ya kilima. Urefu wake ni mita 1,200: mita 500 za kundi la 2, mita 400 za kundi la 3 na mita 300 za kundi la 4. Muda wa mwendo ni 2.8 + 4.0 + 5.0, yaani dakika 11.8. Kupanda ni mita 60, na kazi yake ni 80 x 9.8 x 60 = jouli 47,040, sawa na sekunde 314 au dakika 5.2. Jumla ni dakika 17.0.

Njia B huzunguka bondeni. Urefu wake ni mita 2,400: mita 1,500 za kundi la 1 na mita 900 za njia ya mbuga, ambayo kiangazi ni ya kundi la 2. Muda wa mwendo ni 5.0 + 5.0, yaani dakika 10.0. Kupanda ni mita 10, sawa na dakika 0.9. Jumla ni dakika 10.9.

Njia C huzunguka juu ya mbuga, katika mchanga ulio chini ya mawe. Urefu wake ni mita 2,700: mita 1,800 za kundi la 1 na mita 900 za kundi la 2. Muda wa mwendo ni 6.0 + 5.0, yaani dakika 11.0. Kupanda ni mita 25, sawa na dakika 2.2. Jumla ni dakika 13.2.

Kiangazi, njia B inashinda, ingawa ni ndefu mara mbili kuliko njia A. Sasa mvua inyeshe usiku kucha. Njia ya mbuga inashuka kutoka kundi la 2 hadi kundi la 4, na mita zake 900 zinachukua dakika 15 badala ya 5. Jumla ya njia B inakuwa dakika 20.9. Njia C, iliyo juu ya mchanga, haibadiliki sana. Hivyo njia iliyo ndefu kuliko zote ndiyo inayofika kwanza, na ile iliyokuwa bora jana imekuwa mbaya kuliko zote. Mshindani asiyekumbuka mvua ya usiku amepoteza dakika saba na ushei katika sehemu moja tu ya mbio, na miguu yake haitaweza kuzirudisha.

DIRA KARIBU NA CHUMA

Dira hutumiwa kuilinganisha ramani na ardhi. Katika eneo la Ziwa Victoria tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli ni ndogo. Yapo, hata hivyo, mambo mawili ya kuangaliwa.

Kwanza, mistari ya usumaku wa dunia hailali sambamba na ardhi ya Mwanza. Ikweta ya usumaku hupita kaskazini zaidi, katika nchi kama Ethiopia. Kwa hiyo katika Mwanza ncha ya kusini ya sindano huvutwa chini. Barani Ulaya ncha inayovutwa chini ni ya kaskazini, na watengenezaji huisawazisha sindano kwa hali hiyo. Dira iliyotengenezwa kwa matumizi ya huko yaweza kukwama au kusita inapotumiwa kusini.

Pili, fremu ya chuma huivuta sindano. Mwalimu aweza kulithibitisha hilo kwa dakika tano: dira iwekwe juu ya kiti cha mbao, kisha baiskeli isogezwe polepole, na wanafunzi waandike sindano imegeuka digrii ngapi kwa kila umbali. Baada ya jaribio hilo hakuna atakayesoma dira huku ameilaza juu ya usukani wa chuma.

KAZI YA DARASA

Darasa laweza kuchora ramani yake lenyewe ya eneo dogo lenye upana wa nusu kilomita. Umbali hupimwa kwa gurudumu. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa takriban mita 2.2, lakini kila kikundi kipime la kwake. Kitambaa hufungwa katika spoki moja na mizunguko huhesabiwa. Mizunguko 50 ni mita 110. Kosa la mzunguko mmoja ni asilimia 2. Gurudumu lisilo na upepo wa kutosha huwa na mzingo mdogo wakati linapozunguka, na kwa hiyo hutoa umbali mkubwa kuliko ule wa kweli.

Makundi ya njia hupatikana kwa saa. Ikiwa mwanafunzi humaliza mita 100 za njia nzuri kwa sekunde 20, na mita 100 za njia nyingine kwa sekunde 35, mwendo wake wa pili ni asilimia 57 ya ule wa kwanza, na njia hiyo ni ya kundi la 2. Kipimo kirudiwe kiangazi na baada ya mvua, na ramani iandikwe tarehe.

Usalama usisahauliwe. Barabara kuu iendayo Shinyanga ina magari mengi. Iwekwe katika ramani kama eneo la kuvuka kwa uangalizi wa mwalimu tu. Maeneo ya gereza na ya watu binafsi yachorwe kama maeneo yaliyokatazwa, kama inavyofanywa katika mashindano ya kimataifa. Wanafunzi wanaopima ufuko wasiingie majini, kwa kuwa kichocho kimo katika ziwa hili.

MAZOEZI

1. Katika ramani ya 1:15,000 njia ina urefu wa sentimita 4.6. Mpanda baiskeli anayekwenda mita 5 kwa sekunde ataimaliza kwa muda gani?

2. Mwanafunzi wa kilo 50 mwenye baiskeli ya kilo 20 anapanda mita 30. Ikiwa uwezo wake ni wati 100, kupanda huko kutamwongezea dakika ngapi?

3. Katika mfano wa njia tatu, baada ya mvua, mwendo katika mbuga ni lazima uzidi mita ngapi kwa dakika ili njia B iendelee kuwa bora kuliko njia C?

Majibu: (1) Mita 690, yaani dakika 2 na sekunde 18. (2) Jouli 20,580, sawa na dakika 3.4. (3) Njia B imebakiwa na dakika 7.3 kwa mita 900, yaani mita 123 hivi kwa dakika.

Zoezi la tatu ndilo swali ambalo mshindani wa kimataifa hujiuliza huku magurudumu yake yakizunguka, na ndilo ambalo mchukuzi wa dagaa hulijibu kila asubuhi akiutazama udongo. Mwanafunzi atakayeweza kulijibu kwa kalamu, kisha akatoka nje na kulihakikisha kwa baiskeli, atakuwa ameielewa ramani.